Mfereji Wenye Miguu

Nyumbani kwetu Soweto, hapa Mbeya, vita vya Ulaya vilipiganwa kila jioni baada ya chai. Mume wangu anauza spea za pikipiki, mimi nashona sare za shule, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika hata Nairobi. Lakini taarifa ya habari ikianza, ungedhani sisi ndio tunaosubiriwa mezani tuweke saini.

Swali lililotugombanisha lilikuwa moja. Ile nchi iliyovamiwa na jirani yake mkubwa ilikuwa ikiambiwa kwamba, kama inataka vita viishe, iache kabisa habari ya kuingia katika muungano wa kijeshi wa mataifa ya Magharibi. Ikubali au ikatae?

"Wasithubutu!" mume wangu alikuwa akisema, na kikombe kinatikisika. "Mtu kakuvunjia mlango, halafu anakwambia fukuza mbwa wako kwanza ndo nitoke. Ukishamfukuza mbwa, kesho atakwambia uvue na suruali."

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," nilimjibu. "Wenzio wanazika kila siku. Huo muungano unapikwa? Unaliwa na ugali?"

"Wahehe bwana! Vita vya wenzenu mnataka viishe, vya kwenu mnavitunza kama mbegu."

Yeye ni Mnyakyusa na ulimi wake haujui kulala. Mimi nina mdomo vilevile, sikatai. Tulikuwa tunagombana hivyo kwa raha kabisa, kisha tunaosha vyombo pamoja. Vita vikiwa mbali, hata kuvigombania kuna utamu wake, na nasema hivyo nikijua kwamba si jambo la kujivunia.

Kisha mama yangu akapiga simu.

Mama anakaa Ipogolo, Iringa, kule chini ambako barabara kuu inashuka na Ruaha Mdogo unapita. Si mtu wa simu. Akitaka jambo anabipu na kunyamaza, gharama ni zako. Asubuhi ile alipiga mwenyewe, na baridi ya mwisho wa Mei ikawa kama imeingia mpaka kwenye cherehani yangu.

"Ng'ombe wameingia tena," alisema. "Na balozi wa nyumba kumi kaja na masharti."

Asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Mvua zikiisha, Wahehe hatukai kusubiri nyingine. Tunashuka bondeni kwenye unyevu, tunainua matuta, tunachimba mifereji ya kutoa maji kati yake, tunapanda maharage, mboga na mahindi ya kuchoma. Mashamba hayo tunayaita vinyungu. Kinyungu cha mama ndicho kilichotusomesha, na mpaka leo, baba akiwa amelala kaburini miaka mingi, ndicho kinachomfanya mama asimwombe mtu chumvi.

Lakini kinyungu hakilimwi na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wanawake wa bonde lile wana mgowe wao, yaani kulimiana kwa zamu: leo wote kwa huyu, siku nyingine wote kwa yule, mwenye shamba anatoa togwa, mpaka kila mmoja amelimiwa. Na mgowe haulimi kimya. Wanaimba, na katika nyimbo hizo hakuna anayesalimika. Mvivu anaimbwa, mchoyo anaimbwa, padri akichelewa misa naye anaimbwa. Ukishika jembe, mdomo wako hauna kesi.

Upande wa juu, kinyungu cha mama kinapakana na shamba la mzee mmoja mwenye ng'ombe, rafiki wa marehemu baba. Baba alipokuwa hai walikunywa pamoja na kuzikiana ndugu. Baba alipoondoka, mfereji wa mpakani ukaanza kusogea. Kila msimu ulichimbwa upya, ukiingia kidogo upande wa mama, na ule wa zamani ukafukiwa vizuri na kupandwa maboga juu. Kisha ng'ombe nao wakaanza kushuka. Mama alikwenda kwa balozi, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wakaahidi kuja kupima, na mpaka leo wako njiani. Ndipo wanawake wa mgowe wakatunga wimbo. Kwa Kihehe ni mtamu zaidi, lakini maana yake ni hii:

Mfereji una miguu, mama,
unatembea usiku.
Asubuhi ukiuuliza,
una matope ya nani?

Bonde zima liliushika. Watoto wakaenda nao shuleni, vijana wa bodaboda wakaupigia miluzi. Mzee akipita barabarani na mabuti yake ya mvua, watu walimtazama miguuni. Alivumilia, akashindwa, akamtuma balozi.

Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema. Yeye atarudisha mfereji mahali pake pa zamani na ng'ombe hawatashuka tena. Mama naye ajitoe kwenye mgowe, moja kwa moja, ili wale wanawake wasiwe na sababu ya kufika mpakani pake.

"Wewe unasemaje, mama?"

"Nasema mje. Yangu na yule mzee nataka yaishe."

Nilijua kwa nini. Kanisani mama na yule mzee wanakaa kwenye mabenchi yanayofuatana tangu sisi wadogo, yeye mbele, mama nyuma yake, na hakuna aliyekuwa tayari kuhama. Padri akisema mtakiane amani, mzee alikuwa akigeuka na kumpa mkono kila mtu, hata watoto wa mgongoni. Akifika kwa mama, anakohoa na kutazama altare. Ilikuwa hivyo tangu wimbo ulipoanza. Mama yangu, ambaye hakulia hata kuku wake wote walipokufa kwa mdondo, aliniambia siku moja kwamba anaona aibu kwenda kupokea komunyo akiwa amenyimwa mkono. Ilinichoma sana.

Tukapanda basi la asubuhi. Chimala tulishuka tukanunua mchele, maana mume wangu anasema mkwe anayetoka Mbeya bila mchele ni mgeni tu. Tulipokuwa tumekaa tena, tunakula karanga, akaanza.

"Mama akubali. Mfereji unarudi, ng'ombe wanaondoka, anataka nini tena? Mgowe ni majembe tu. Tutamwekea vibarua."

"Akubali? Akishabaki peke yake, msimu ujao nani atamzuia yule mzee? Asithubutu!"

Neno hilo liliponitoka nililisikia mwenyewe. Yeye naye aliacha kumenya, na ganda la karanga mkononi.

"Asithubutu," alirudia taratibu. "Hilo neno nalijua. Ni la kwangu."

"Na wewe umechukua la kwangu."

"Mkuki kwa nguruwe," alisema, tukacheka mpaka abiria wa mbele akageuka kutuangalia.

Lakini kicheko kilipoisha kila mmoja alirudi kwenye mawazo yake. Mimi nilikuwa nimewahurumia watu wa mbali kwa kuwataka waache jambo nisilolijua thamani yake. Mgowe nilijua thamani yake. Nilikua nikiusikia unakuja bondeni kabla jua halijapanda, na mama akifunga kitenge kiunoni huku anatabasamu. Mume wangu naye alikiri kwamba wale wa Ulaya yeye hawajui, kwa hiyo wanaweza kuwa mashujaa kadiri wapendavyo, lakini mama mkwe wake anamjua na hataki akanyagwe na ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na sababu, na hakuna aliyerudi upande wake.

Mama alitupokea kwa kamwene, ile salamu yetu, akamwita mkwe wake baba, akampa kiti kizuri na kukaa naye mbali kama inavyotakiwa. Kesho yake tulishuka bondeni. Balozi alitaka maneno ya mfereji yasemwe kwenye mfereji. Mume wangu, kwa kuwa ni mkwe na si mambo yake, alikaa juu ya jiwe mbali kidogo, na nilimwona anavyoteseka kwa kukosa ruhusa ya kusema.

Balozi alirudia masharti, kisha akamtaka mama ajibu.

"Kabla sijajibu, shemeji," mama alimwambia mzee, "ng'ombe wako wako wapi?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

Sote tuligeuka. Walikuwa chini kidogo, ndani ya maharage ya mama yaliyoota juzi tu, wanakula bila haraka.

"Si ndo tunazungumza, shemeji? Tukimaliza nawatoa."

"Watoke kwanza. Mimi siwezi kuzungumza huku naliwa."

Mzee alimtazama balozi, balozi akatazama miguu yake. Basi akashuka mwenyewe na yale mabuti, akipiga kelele na kurusha mabonge ya udongo, akawapandisha wote mpaka zizini. Aliporudi anahema, mama alimpa kata ya maji akasubiri amalize kunywa.

"Sasa niambie. Nikijitoa, nani atanilimia?"

"Mimi," alisema mzee.

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe. Marehemu si alikuwa rafiki yangu?"

Mama aliipokea kata yake tupu. "Haya," alisema. "Nimejitoa."

"Mama!" nilipiga kelele.

"We nyamaza. Shamba ni langu na mzee ni wangu."

Nilikasirika, nasema kweli. Nilikasirika zaidi nilipomwona mume wangu juu ya jiwe lake ananionyesha dole gumba. Lakini Jumapili ile padri aliposema mtakiane amani, mzee aligeuka na kumpa mama mkono, mikono miwili, na mama alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Akachinja jogoo. Nilikula hasira yangu pamoja na paja, na safari ya kurudi Mbeya mume wangu alinikumbusha ushindi wake mpaka Makambako, aliposinzia.

Mwanzoni habari zilikuwa njema. Mzee alichimba mfereji mahali pake pa zamani kwa mkono wake, akang'oa hata maboga. Alilima matuta ya kwanza mpaka jua la mchana, na mama akasema kwa simu kwamba mzee bado hodari. Mara ya pili alichelewa na kulalamikia mgongo. Mara ya tatu alituma neno kwamba kuna ng'ombe anazaa. Kisha hakutuma neno.

Ng'ombe hawakushuka tena, hilo aliliheshimu. Mfereji ulikaa. Lakini nusu ya kinyungu ilibaki haijalimwa, unyevu unaondoka, na mgowe ulikuwa ukipita njia ya chini kwenda kwa wengine, unaimba. Wale wanawake hawakuwa na ubaya naye. Walimsalimu vizuri na kupita. Ndiyo sheria yao, na yeye ni mmoja wa walioiweka: asiyelima kwa wenzake halimiwi.

"Nilisimama na jembe langu kama mtu aliyeachwa na basi," aliniambia. Hilo ndilo lililonitoa machozi, si maharage.

Akaenda kuomba kurudi. Hawakumcheka wala hawakumkatalia, ila sheria ni sheria. Anayerudi anaanza kama mgeni: anazunguka kwanza kwenye mashamba ya wenzake wote, ndipo lake lifikiwe. Na mama ana goti linalomsumbua tangu mwaka juzi.

Safari hii mume wangu hakuwa na dole gumba. "Nenda," alisema. "Mimi nitapika mwenyewe." Hajui kupika, lakini alisema.

Nikafunga cherehani nikaenda kulima kwa niaba ya mama. Nilidhani nakwenda kuteseka. Ukweli ni kwamba siku zile ndizo zilizonifurahisha kuliko zote mwaka ule. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Wanawake walinicheka kwa jinsi ninavyonyoosha matuta. "Fundi cherehani, hilo si pindo!" walisema, na siku iliyofuata nilikuta nimeshatungiwa wimbo, wa mwanamke anayetaka kulipiga pasi bonde la Ipogolo. Niliuimba pamoja nao. Mama alikaa kivulini na goti lake, akikoroga togwa na kunipigia kelele niiname zaidi.

Zamu ikafika kwake. Siku hiyo tulilima mpaka mpakani kabisa, na mzee alikuwa amesimama upande wake, amevaa yale mabuti, anatusubiri. Bonde zima lilijua wimbo gani unafuata. Mwanamke anayeanzisha nyimbo alivuta pumzi, akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa.

"Mfereji haujatembea," alisema. "Wimbo ukae."

Basi wakaimba ule wangu wa pasi. Mzee aliusikiliza mpaka mwisho, nafikiri alikuwa anangoja ubeti wake. Ulipokwisha bila yeye, akavuka mfereji, akamfuata mama kivulini.

"Shemeji, mbona umerudi kwa hawa? Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana utanilimia."

Mzee alishika kiuno. "Mgongo, shemeji."

"Najua. Ndo maana nimerudi."

"Na ule wimbo?"

"Upo. Mfereji ukikaa, nao utakaa."

Mama alimpa mzee togwa, naye akanywa, akarudisha kata, akarudi kwake bila kuaga. Mimi nilijua mama amepata majembe yake. Nilichohofia ni Jumapili.

Mume wangu alifika jioni ya Jumamosi, amekonda kidogo, na asubuhi tulikwenda kanisani sote. Mzee alikuwa mbele yetu, shingo imekaza. Padri aliposema mtakiane amani, aligeuka. Alimpa mkono mume wangu. Akanipa mimi. Akampa mtoto wa jirani. Alipofika kwa mama akakohoa, akageukia altare.

Nilitaka kumvuta koti hapohapo mbele ya Bwana. Lakini mama hakurudisha mkono wake. Aliuacha pale juu ya benchi, umenyooshwa, mkono wa bibi kizee wenye udongo kwenye kucha, na kwaya ikaanza wimbo, na mkono bado uko pale. Mzee aliona kwa pembe ya jicho. Alivumilia mstari mmoja wa wimbo, mstari wa pili akageuka akaushika. Mmoja tu, si miwili kama mara ya kwanza. Mama alitosheka nao.

Maharage yalipokauka nilirudi na mume wangu kusaidia kuvuna. Mfereji ulikuwa palepale, umeota nyasi kingoni. Jioni tulikaa jikoni kwa mama, tunapukuchua, na redio ya simu ya mume wangu ikawa inasoma habari. Vita vilikuwa havijaisha. Wakubwa walikuwa wanakutana tena, na swali lilikuwa lilelile.

Mume wangu hakuweza kujizuia. "Mama, tuamulie leo. Mwanao na mimi limetushinda. Hiyo nchi ikubali kuacha muungano ili ipate amani, au isikubali?"

Mama hakuacha kupukuchua. "Huyo jirani yake," aliuliza, "ng'ombe ameshawatoa?"

"Bado, mama. Wamo shambani."

"Na akishawatoa, muungano ukiachwa, nani atawalimia?"

Mume wangu alinitazama nimsaidie. Nilikuwa nawafikiria wanawake wa kule nisiowajua, wamesimama na majembe yao, wanaambiwa wajibu haraka.

"Basi hao msiwaamulie ninyi," mama alisema. Kisha akamwambia mkwe wake azime redio na kusogea karibu na ungo, maana mkwe au si mkwe, anayekula maharage ana mikono.